Apdeti Haijaua Nyimbo za Watu, Uzembe Ndiyo Umeua

Mjini stori ni moja tu kwa sasa. Prodyuza mmoja mwenye jina lake, yule ambaye studio yake haikauki chipukizi mlangoni kuanzia asubuhi mpaka usiku wa manane, amepoteza kazi zote zilizokuwa kwenye kompyuta ya studio. Siyo biti mbili tatu. Ni vokali za wasanii zaidi ya kumi, kolabo moja iliyokuwa inasubiriwa kama mvua, na nusu ya albamu ya dada mmoja aliyekuwa anarudi kwenye gemu baada ya kulea.

Umbea ukafika kabla ya ukweli. Wapo waliosema ngoma zimeuzwa kwa staa mwingine mwenye hela zake. Wapo waliosema ni kiki ya kuipasha moto albamu. Wapo waliosema prodyuza kagombana na meneja wa yule dada, akaamua kuzikalia. Ukweli hauna hata utamu wa umbea: jamaa alikuwa anaapdeti famuwea ya SSD ya kompyuta yake saa saba usiku, umeme ukakatika katikati ya zoezi, kompyuta haina UPS, na iliporudi kuwaka haikuiona diski kabisa. Kazi za watu hazikuwa na nakala nyingine popote.

Kinachosikitisha kuliko hata hasara yenyewe ni somo ambalo watu wamelichukua. Maprodyuza wenzake, waedita wa video na wapiga picha wa harusi sasa hivi wanaambiana jambo moja: usiguse apdeti, kitu kinachofanya kazi kiache. Hilo somo ni la kupotosha, na litawaliza wengine wengi. Apdeti haikuua nyimbo za watu. Kilichoua ni kazi ya watu kumi kukaa kwenye kitu kimoja, bila nakala, bila ulinzi wa umeme, halafu mtu akaifanyia operesheni usiku akiwa amechoka.

MTUNZA STOO NA DAFTARI LAKE

Wengi wanaosema "usiapdeti" hawajui hata ni nini kinachoapdetiwa. SSD siyo kama hadi diski za zamani zenye sahani inayozunguka. Ndani yake kuna chipu za kuhifadhia data, na pembeni ya chipu hizo kuna kompyuta ndogo inayoitwa kidhibiti. Famuwea, ambayo wenye Kiswahili cha ofisini wanaiita programu dhibiti, ndiyo akili ya hicho kidhibiti.

Chukulia stoo kubwa Kariakoo. Mzigo unaingia na kutoka usiku na mchana. Rafu za stoo hii zina tabia moja mbaya: zinachakaa kila zinapopakuliwa na kupakiwa upya. Kwa hiyo mtunza stoo hawezi kuweka mzigo wa mtu pale pale kila siku. Anauhamisha, anausambaza, anasafisha rafu zilizoachwa wazi, ili rafu zote zichakae kwa usawa. Ni yeye peke yake anayejua mzigo wa nani uko wapi, kwa sababu ameandika kwenye daftari lake. Kompyuta ikiomba wimbo, haijui uko rafu gani. Inamuuliza mtunza stoo, naye anafungua daftari.

Famuwea ndiyo huyo mtunza stoo. Akichanganyikiwa au daftari likipotea, mzigo unaweza kuwa bado umo ndani mzima mzima na hakuna anayeweza kuutoa. Na SSD nyingi za kisasa zinaandika data kwa mafumbo, ambayo ufunguo wake anao kidhibiti mwenyewe. Ndiyo maana fundi aliyepelekewa ile diski alimwambia jamaa ukweli kwamba kung'oa chipu na kuzisoma moja moja hakutamrudishia nyimbo. Hadi diski ya zamani ikifa kuna mafundi wanaweza kuifufua. SSD iliyopoteza famuwea ni mlango usio na kitasa.

Sasa kama mtunza stoo ni muhimu kiasi hicho, kwa nini umguse? Kwa sababu naye ameandikwa na binadamu, na binadamu wanakosea.

WASIOAPDETI NAO WAMELIA

Haya siyo ya kusadikika, yamewakuta watu na makampuni makubwa.

Mwaka 2011, SSD za Intel za toleo la 320 zilikuwa na kasoro ambayo Watanzania wangeielewa haraka sana. Umeme ukikatika ghafla, baadhi ya diski zilikuwa zikirudi zinajitambulisha kuwa na ukubwa wa MB 8 tu. Diski ya mamia ya GB inaamka asubuhi na MB 8, data hazipo. Intel wakatoa famuwea mpya mwezi Agosti mwaka huohuo. Aliyeapdeti alijipunguzia balaa. Aliyesema "yangu inafanya kazi" alikuwa anasubiri umeme ukatike tu.

Crucial nao, na diski yao maarufu ya M4. Ikifikisha saa 5,184 za kuwashwa, inaganda. Ukizima na kuwasha inafanya kazi kama saa moja, halafu inaganda tena. Saa 5,184 ni siku 216. Studio isiyozima kompyuta inafika hapo baada ya miezi saba hivi. Dawa ilikuwa famuwea iliyotoka Januari 2012. Mwenye nayo ambaye hakuiweka angebadilisha Windows, angebadilisha RAM, angemlaani fundi, na asingepona.

Kubwa kuliko zote ni ya HPE, hawa wa mashine za ofisi kubwa. Novemba 2019 walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Siyo kupungua kasi, kufa, na data zake zisirudi. Na kwa kuwa watu hununua diski nyingi siku moja na kuziwasha siku moja, zingeweza kufa karibu kwa pamoja. Machi 2020 wakatangaza kundi lingine lenye kikomo cha saa 40,000. Kote huko dawa ilikuwa moja: apdeti kabla saa hiyo haijafika. Ukichelewa, hakuna apdeti ya kumfufua marehemu.

Wanaotumia Samsung wasicheke. Diski ya 980 Pro ya TB 2 ilipatikana na famuwea ambayo ingeweza kuifunga ikabaki ya kusoma tu, haiandiki tena. Famuwea mpya ilizuia hilo, lakini haikuponya zile zilizokwisha kujifunga. Mwanzoni mwa 2023 ikaja zamu ya 990 Pro, ambazo asilimia ya afya yake ilikuwa ikishuka haraka kuliko kawaida. Apdeti ya Februari mwaka huo ilisimamisha mserereko, lakini asilimia zilizoshuka hazikurudi.

Na kwa waedita wa video, kisa chao ni cha SanDisk Extreme, zile SSD ndogo za kuning'iniza kwenye begi ambazo kila mpiga video anazipenda. Mwaka 2023 watu wengi walilalamika kwamba zinajikata zenyewe na data zinapotea. Western Digital, waliokuwa wenye chapa hiyo wakati huo, wakatoa apdeti ya famuwea mwezi Mei. Agosti wakaburuzwa mahakamani Marekani na wateja wenye hasira. Miongoni mwa waliolizwa ni mtu wa video wa chombo kikubwa cha habari za teknolojia, The Verge, aliyepoteza TB 3 za video kwenye diski ambayo ilikuwa imeletwa kama mbadala wa ile ya kwanza iliyokufa.

Kwa hiyo hoja ya "iache kama inafanya kazi" ina tundu kubwa. Kuna diski inafanya kazi leo huku imebeba tarehe ya kifo chake ndani. Swali la maana siyo kama uapdeti au usiapdeti. Swali ni kwa nini unaapdeti, na umejiandaaje.

ALIVYOTAKIWA KUFANYA YULE JAMAA

Kwanza kabisa, sababu. Jamaa inasemekana aliona ujumbe wa apdeti kwenye skrini akabonyeza, basi. Famuwea siyo app ya kuhariri picha, kwamba toleo jipya linakuja na filta mpya. Apdeti ya famuwea inakuja na maelezo yake kwenye tovuti ya kampuni: inarekebisha nini, kwa modeli ipi. Ukisoma ukakuta inazuia data kupotea au diski kuganda, hiyo siyo ya kuahirisha. Ukikuta inarekebisha kitu kisichokuhusu, na usiku huo una kazi ya mtu, hakuna dhambi kusubiri mpaka Jumapili.

Pili, jina kamili la diski. Programu ndogo ya bure kama CrystalDiskInfo inaonyesha modeli, toleo la famuwea iliyopo, saa ambazo diski imewashwa na hali ya afya yake. Hivyo vyote viandikwe au vipigwe picha kwa simu. Diski mbili zenye kava la rangi moja na jina linalofanana zinaweza kuwa na famuwea tofauti kabisa, na kumvisha mmoja shati la mwenzake ndiyo mwanzo wa kilio. Afya ikionyesha kwamba diski iko mahututi, hapo siyo pa kuapdeti tena. Hapo ni kuhamisha kazi haraka na kununua nyingine.

Tatu, na hii ndiyo yenyewe, nakala. Kabla ya kugusa chochote, kazi zote zihamishiwe kwenye diski nyingine, halafu diski hiyo ichomolewe, ichomekwe kwenye kompyuta tofauti, wimbo mmoja au miwili ifunguliwe na isikilizwe mpaka mwisho. Watu wengi wanakopi halafu wanaamini. Kukopi bila kujaribu ni kama kupiga mtu picha ya simu bila kuangalia kama imetoka.

Wanaobisha waulize Pixar. Mwaka 1998, wakiwa wanatengeneza Toy Story 2, mtu alibonyeza amri ya kufuta kwenye seva na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka mbele ya macho yao. Wakakimbilia bakapu. Bakapu ilikuwa haifanyi kazi vizuri kwa muda na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni mfanyakazi mmoja wa kitengo cha ufundi, mama aliyekuwa anafanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, ambaye kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Filamu ikatoka 1999. Kampuni yenye mafundi wa kila aina iliokolewa na kompyuta ya mama mwenye mtoto mchanga. Studio ya uswahilini itaokolewa na nini?

Nne, programu itoke kwa mwenye diski. Samsung wana Magician, Crucial wana Storage Executive, Kingston wana SSD Manager, na Western Digital walikuwa na Dashboard yao. Kupewa famuwea kwenye fleshi na mshikaji, au kuitoa kwenye kikundi cha WhatsApp, ni kumwajiri mtunza stoo usiyemjua na kumpa funguo zote. Na kama programu halisi ya kampuni inagoma kuitambua diski iliyo na nembo ya kampuni hiyohiyo, usilazimishe. Inaweza kuwa imechomekwa kupitia kava la USB, na programu nyingi za namna hii hazitaki kuapdeti diski ya ndani kwa njia hiyo. Inaweza pia kuwa ni feki, na mjini feki zipo za kumwaga. Diski feki haihitaji famuwea mpya, inahitaji kuondolewa kwenye kazi za watu.

Tano, umeme. Laptopu iwe na chaji ya kutosha na ibaki kwenye chaja. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS ambayo betri yake imejaribiwa, siyo ile iliyogeuka kigoda cha kuwekea spika. Haki isemwe hapa: SSD nyingi za siku hizi za NVMe zina nafasi zaidi ya moja ya kuwekea famuwea, kwa hiyo ile mpya inaweza kushushwa pembeni kwanza kabla ya kuchukua usukani, na umeme ukikatika wakati huo ya zamani bado ipo. Lakini siyo zote, na mwenye diski hana njia rahisi ya kujua yake iko kundi gani mpaka siku ya siku. Kwenye mji ambao umeme unakatika bila hodi, kubahatisha ni ujasiri wa kijinga.

Sita, BitLocker. Kompyuta nyingi za Windows zinafunga diski kwa mafumbo hata kabla mwenyewe hajajua. Baada ya mabadiliko kama haya kompyuta inaweza kuamka inadai ufunguo wa tarakimu 48, na kama hujui uko wapi, umejifungia nje ya nyumba yako. Ufunguo huo utafutwe kabla, uandikwe kwenye karatasi, na BitLocker isimamishwe kwa muda mpaka zoezi liishe.

Saba, zoezi lenyewe. Programu zote zifungwe, hasa ile ya kurekodi. Usizime kwa sababu tu skrini inaonekana imetulia kwa dakika chache. Usichomoe, usifunge mfuniko wa laptopu, usiruhusu dogo wa studio aje "kuangalia kitu kidogo tu". Ikimaliza, zima kabisa, siyo kuristati peke yake, halafu washa. Kisha rudi CrystalDiskInfo ulinganishe toleo la famuwea na ile picha ya mwanzo. Fungua projekti mbili tatu. Ikiwa sawa, ile nakala usiifute siku hiyohiyo. Iache wiki kadhaa. Kwenye diski nyingi huwezi kurudi kwenye famuwea ya zamani ukiona mpya imekukera, kwa hiyo nakala ndiyo njia pekee ya kurudi.

Wa MacBook wana unafuu mmoja: famuwea ya SSD ya ndani inakuja humo humo ndani ya apdeti za macOS, hakuna cha kutafuta pembeni. Lakini sheria ya nakala na ya chaja ni ileile.

"HELA YA KUNUNUA DISKI NYINGINE IKO WAPI?"

Hili ndilo jibu la mjini, na siyo la kupuuzwa. Studio nyingi zinaendeshwa kwa kuunga unga. Kodi ya chumba, umeme wa kununua kila siku, maiki ya mkopo. Kumwambia mtu wa namna hiyo aweke nakala tatu ni rahisi kwa mdomo.

Lakini tazama hela zinavyotumika. Studio hiyohiyo imepigwa taa za rangi ukutani ili picha za Instagram zitoke vizuri. Kuna kochi la ngozi la kukalia mastaa. Kuna mtu amelipwa kuchora nembo. Halafu kitu kinachobeba kazi zote za wateja ni diski moja, na UPS haipo. Gharama ya diski ya pili na UPS ndogo ni ndogo kuliko hela inayoliwa kwenye kushuti video moja ya maana. Tatizo ni kwamba diski ya nakala haipigwi picha, hakuna shabiki atakayeilaiki.

Na kwa anayeanza, siyo lazima nakala iwe SSD. Hadi diski ya kawaida ya USB ni nafuu zaidi kwa ukubwa uleule, na kwa kuhifadhia tu inatosha. Kuna kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, siyo profesa wa kompyuta: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwa studio ya kawaida hiyo ni kompyuta yenyewe, hadi diski ya kabatini, na nyingine nyumbani kwa dada au kwenye akaunti ya mtandaoni. Moto, wezi na mafuriko havijui famuwea ni nini, navyo vinachukua.

Wanaosema wana diski mbili ndani ya kompyuta moja, zinazoandika kitu kimoja kwa wakati mmoja, wakumbuke kisa cha HPE. Mapacha walionunuliwa siku moja na kuwashwa siku moja wanaweza kufa siku moja.

KAZI YA MTU NI AMANA

Hapa ndipo penye uzito. Kama jamaa angepoteza biti zake mwenyewe, ingekuwa pole na maisha yanaendelea. Lakini zile vokali hazikuwa zake peke yake.

Kuna kijana kwenye ile orodha aliyeuza simu ili alipie seshini. Kuna binti aliyerekodi wimbo wa kumuaga baba yake, na sauti ya siku ile hairudiki hata akirudi studio mara mia, kwa sababu siku ile alikuwa analia kweli. Kuna yule dada wa albamu, ambaye alikuwa anamwachia mtoto jirani ili apate saa mbili za kuimba. Hao hawakuambiwa kwamba kazi zao ziko kwenye diski moja. Hakuna aliyewauliza. Na sasa wanajibiwa kwa sentensi moja, kwamba diski imekufa, halafu simu haipokelewi.

Mswahili akiwekewa mali ya mtu anaiita amana. Fundi cherehani akichoma kitambaa cha mteja anajua ana deni. Dobi akipoteza shati anajua ana deni. Iweje mtu apoteze kazi ya miezi sita ya mwenzake, halafu deni lisiwepo kwa sababu tu kilichokufa ni chipu? Umeme kukatika siyo kosa la prodyuza. Kukosa nakala ni kosa la prodyuza. Tofauti hiyo isifichwe na pole za Instagram.

Anachotakiwa kufanya sasa ni kitu cha kiume na cha kiungwana: awaite wote, awaeleze bila kuzunguka, awarekodie upya bure wanaotaka kurudia, na arudishe hela za wasiotaka. Itamuuma mfukoni. Lakini jina lake litabaki na watu wa kulitetea. Akiendelea kukimbia, ule umbea wa kuuza ngoma utageuka kuwa ndiyo ukweli unaokumbukwa.

Wasanii nao wana la kubeba, hasa mameneja wao. Kuna meneja anajua msanii wake kavaa viatu gani kwenye kila shoo, ila hajawahi kuuliza vokali zinahifadhiwa wapi. Kuanzia sasa, seshini ikiisha, msanii asitoke na MP3 ya WhatsApp peke yake. Atoke na faili za sauti zilizotenganishwa, vokali peke yake, biti peke yake, kwenye fleshi au diski yake mwenyewe, na hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ya kuweka maiki mdomoni. Prodyuza anayeogopa kuibiwa biti amalizane na hilo kwa maandishi na malipo, siyo kwa kuifanya diski yake kuwa ghala pekee la maisha ya watu.

Na wale walioapa kutogusa apdeti tena, wafungue kompyuta zao leo waangalie vitu viwili tu: toleo la famuwea lililopo, na tarehe ya mara ya mwisho walipokopi kazi za wateja. Kama la pili halina jibu, wasianze na apdeti. Waanze na kukopi, usiku huu huu, kabla umeme haujakatika.

Wadau, mnasemaje? Prodyuza alipe au asilipe?